Kitu Kiliuzwa, Jina Likabaki: Majina ya Kamera na Masikitiko ya Wateja

Ikisiri

Makala haya yanachunguza hali ambapo chapa ya kamera inauzwa na kupewa jina jingine, na sababu za wateja kusikitika ilhali kifaa chenyewe hakijabadilika. Mfano mkuu ni kampuni ya Olympus ya Japani, ambayo kitengo chake cha kamera kilipita mikononi mwa wamiliki wapya tarehe 1 Januari 2021. Uchunguzi umeegemezwa kwenye tofauti iliyopo baina ya fahiwa na kirejelewa katika semantiki, pamoja na dhana ya majazi ambayo wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wanaifahamu vyema. Makala yanashikilia kwamba jina la bidhaa huingia sokoni likiwa tupu, na kwamba wanaolijaza maana ni watumiaji. Kwa hiyo masikitiko yao si ushabiki mtupu. Ni dai juu ya kitu ambacho wao wenyewe walishiriki kukijenga.

Utangulizi

Waswahili wamesema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa mujibu wa methali hii, ubora wa kitu umo ndani ya kitu chenyewe, na jina linalobandikwa juu yake halina uzito mkubwa. Mnunuzi mwenye macho atakiona kizuri hata kikiwa hakina jina. Hata hivyo, Waswahili hao hao wamesema pia kwamba jina jema hung'aa gizani. Methali hizi mbili zinavutana, na mvutano huo ndio uliojitokeza waziwazi katika biashara ya kamera mnamo mwaka 2020.

Tarehe 24 Juni mwaka huo, kampuni ya Olympus ilitangaza kuwa imekusudia kuuza kitengo chake cha kamera kwa Japan Industrial Partners, kampuni ya uwekezaji ya Kijapani. Kitengo hicho kilikuwa kimepata hasara kwa miaka mitatu mfululizo. Mkataba kamili ulitiwa sahihi Septemba 2020, na mwanzoni mwa mwaka 2021 kazi yote ikahamia kwenye kampuni mpya iliyoitwa OM Digital Solutions. Miezi michache baadaye, Oktoba 2021, wateja waliarifiwa kwamba kamera zitakazotengenezwa zitabeba chapa mpya, OM SYSTEM. Jina la Olympus lilibaki na muuzaji, ambaye anaendelea kulitumia kwenye vifaa vya hospitali.

Ikumbukwe kwamba kitengo kilihama kama kilivyo, na kazi yake ikaendelea pale ilipokuwa imefikia. Mdomo wa kamera unaopokea lenzi haukubadilishwa, na lenzi za zamani ziliendelea kuingia bila tatizo. Kamera ya OM-5 iliyotoka Oktoba 2022 haikuwa na tofauti kubwa na ile ya E-M5 Mark III ya mwaka 2019. Kimsingi, kilichokosekana kwenye paji la kamera hiyo ni neno moja tu la herufi saba. Swali la kuulizwa basi ni hili: mteja aliyenung'unika alikuwa amepoteza nini hasa?

Fahiwa na kirejelewa

Mwanafalsafa Mjerumani Gottlob Frege, katika makala yake maarufu ya mwaka 1892, alitenganisha mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya wanapozungumza kuhusu maana. La kwanza ni kirejelewa, yaani kile kitu chenyewe kinachotajwa na neno. La pili ni fahiwa, yaani namna kitu hicho kinavyojitokeza kwetu kupitia neno hilo. Mfano wake unajulikana na kila mwanafunzi wa semantiki: nyota ya asubuhi na nyota ya jioni ni majina mawili ya sayari moja, Zuhura, lakini anayesikia jina moja hapati picha ile ile anayoipata akisikia la pili.

Kwa kufuata mkabala huu, inaweza kudaiwa kwamba kirejelewa cha Olympus na kirejelewa cha OM SYSTEM vilikaribiana sana katika miaka ya 2021 na 2022. Ni kamera za aina moja, zilizoendeleza kazi ile ile. Kilichotofautiana ni fahiwa. Wauzaji wa chapa mpya walisisitiza kirejelewa: kamera ni ile ile, msiwe na wasiwasi. Wateja nao walikuwa wakizungumza kuhusu fahiwa. Pande hizi mbili hazikuwa zikibishana. Zilikuwa zikipishana, kila upande ukijibu swali ambalo upande wa pili haukuwa umeliuliza.

Jambo hili linaonekana wazi zaidi likitazamwa kwa kinyume chake. Kampuni ya Kodak ya Marekani iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Januari 2012. Tangu mwaka 2013, kampuni nyingine, JK Imaging, imekuwa ikiuza kamera zenye jina la Kodak kwa leseni. Hapa jina limebaki na kitu kimebadilika. Mnunuzi anayeingia dukani akiliona neno lile alilolizoea huenda asijue kwamba aliyetengeneza kamera ile si yule aliyemfahamu babake. Aghalabu mnunuzi huyo hasikitiki. Yule wa Olympus, ambaye kitu chake kilibaki karibu vilevile, ndiye aliyesikitika. Kama maana ya jina ingekuwa ni kirejelewa pekee, hali ingekuwa kinyume kabisa.

Jina lenyewe lilikotoka

Inafaa kusita kidogo kwenye historia ya jina hili, kwa sababu ina mafunzo kwa mwanaisimu kuliko inavyodhaniwa. Kampuni ilianzishwa mjini Tokyo mwaka 1919 na Takeshi Yamashita. Wakati huo iliitwa Takachiho Seisakusho, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kutengeneza hadubini na vipimajoto. Takachiho ni mlima unaotajwa katika visasili vya Wajapani kuhusu miungu wao. Mwaka 1921 kampuni ilisajili alama ya biashara ya Olympus, mlima ambao katika visasili vya Wayunani ndio maskani ya miungu. Kwa hiyo jina ambalo wateja walililia miaka mia moja baadaye lilikuwa lenyewe ni aina ya tafsiri. Wenye kampuni walichukua mlima wa miungu wa kwao wakatafuta ulio sawa nao katika utamaduni ambao wanunuzi wa mbali wangeutambua. Hii ni tafsiri ya kiutamaduni, wala si ya neno kwa neno, na ilifaulu kiasi kwamba wengi waliolitumia jina hilo hawakujua kwamba kulikuwa na mlima mwingine nyuma yake.

Kamera ya kwanza ya kampuni hii, Semi-Olympus, ilitoka mwaka 1936. Lenzi zake ziliitwa Zuiko, jina lililofinyangwa kutokana na jina la maabara ya kampuni na ambalo likisomwa kwa Kijapani linabeba dhana ya nuru yenye heri. Wateja wa Ulaya na Marekani hawakuijua maana hiyo. Kwao Zuiko lilikuwa ni sauti tu, na sauti hiyo ikaja kuwa na thamani kwa sababu ya picha zilizopigwa.

Kisa cha herufi OM nacho kina utamu wake. Mwaka 1972 mhandisi Yoshihisa Maitani, ambaye awali alikuwa amebuni kamera ndogo ya Pen iliyotoka mwaka 1959, alitoa kamera nyepesi na ndogo kuliko zote za aina yake wakati huo. Iliitwa M-1, na herufi M ilisimamia jina lake Maitani. Kampuni ya Leica ya Ujerumani, iliyokuwa na mfululizo wake wa kamera za M, ililalamika. Hivyo basi kamera ikabadilishwa jina mwaka 1973 na kuitwa OM-1, herufi O ikisimama badala ya Olympus. Zile chache zilizokwisha kutoka kiwandani zikiwa na jina la M-1 hutafutwa sana na wakusanyaji hadi leo, na hulipiwa bei ya juu zaidi, ingawa kwa utendaji hazina tofauti na OM-1. Mfano ulio bora kuliko huu wa fahiwa kupewa bei ni mgumu kupatikana.

Sasa msomaji na alitazame jina la OM SYSTEM kwa macho hayo. Ni ufupisho ambao herufi yake ya kwanza inasimamia neno ambalo mmiliki mpya hana ruhusa ya kuliweka kwenye chapa yake. Herufi O imebaki kama kaburi lisilo na maandishi: anayejua aliyezikwa pale anajua, asiyejua hupita. Wauzaji walitumaini kwamba OM ingewakumbusha wateja enzi ya Maitani, na kwa kiasi fulani walifaulu. Lakini ukumbusho huo huo ndio uliokuwa ukitonesha kidonda. Isitoshe, walipotoa kamera ya OM-1 Februari 2022, walizua homonimia ambayo wauza kamera kuukuu wanaijua kero yake: OM-1 ya filamu na OM-1 ya dijitali, miaka takriban hamsini baina yake, jina moja.

Majazi katika fasihi na majazi sokoni

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili hutumia istilahi ya majazi kurejelea mbinu ya kumpa mhusika jina linalooana na tabia zake. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, msomaji hahitaji kusubiri sana kujua Waziri Majivuno ni mtu wa namna gani, wala Karama anabeba nini. Jina linaingia kwenye hadithi likiwa tayari limejaa. Mwandishi amelijaza kabla ya msomaji kufungua ukurasa wa kwanza, na kazi ya msomaji ni kulithibitisha.

Jina la bidhaa huenda njia nyingine. Olympus haikumwambia mnunuzi wa mwaka 1936 chochote kuhusu wepesi wa kamera au uimara wake kwenye mvua. Sifa hizo ziliingia katika jina polepole. Kila mpiga picha aliyebeba OM-1 mlimani, kila mtaalamu wa wadudu aliyepiga picha ya siafu kwa lenzi ya Zuiko, kila mzazi aliyenunua kamera ya XA ya mwaka 1979 kwa kuwa ilitosha mfukoni, alitia tone lake ndani ya chombo. Baada ya miaka themanini, chombo kilikuwa kimejaa. Jina lililoanza kama la kubahatisha, kwa maana ile ya Ferdinand de Saussure kwamba hakuna uhusiano wa lazima baina ya kiashiria na kiashiriwa, lilikuwa limegeuka majazi. Kwa anayelitumia, Olympus ilimaanisha kamera ndogo, nyepesi, inayovumilia maji.

Tofauti hii ina uzito. Majazi ya mwandishi ni mali ya mwandishi. Majazi ya soko yana wenyewe wawili. Kisheria, alama ya biashara ni ya aliyeisajili, naye anaweza kuiuza, kuikodisha au kuifungia sandukuni. Maana iliyomo ndani yake, kwa upande mwingine, ilichangiwa na watu ambao hawakuwahi kuitwa kwenye mkutano wowote wa wenye hisa. Mkataba wa mwaka 2020 uligawa mali iliyokuwapo mezani: wafanyakazi na hakimiliki za kiufundi huku, jina kule. Mali ya upande wa tatu haikuwapo mezani kwa sababu hakuna sheria inayoitambua. Hapo ndipo malalamiko ya wateja yanapopata mashiko, hata pale yanapotolewa kwa maneno ya hasira yasiyo na mpango.

Ithibati ya kwamba maana hiyo kweli ilikuwa ya wateja inapatikana katika tukio la miaka ya nyuma. Oktoba 2011, rais wa kampuni, Mwingereza Michael Woodford, alifutwa kazi baada ya kuhoji malipo yasiyoeleweka, na ikafichuka kwamba kampuni ilikuwa imeficha hasara kubwa kwa karibu miongo miwili. Kwa wawekezaji, jina la Olympus lilinuka. Thamani ya hisa iliporomoka. Lakini mwaka uliofuata, kamera ya OM-D E-M5 ilipotoka, wapiga picha waliipokea kwa furaha kubwa. Neno lilikuwa moja na fahiwa mbili, moja ya mwenye hisa na nyingine ya mwenye kamera, na kashfa iliyochafua ya kwanza haikufika kwenye ya pili.

Minolta: huzuni inayofuata lugha

Kabla ya Olympus palikuwa na Minolta, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1928. Iliungana na Konica mwaka 2003, na Januari 2006 ikatangaza kuachana na kamera kabisa, baadhi ya mali yake ikichukuliwa na Sony. Katikati ya mwaka huo Sony ilitoa kamera yake ya α100 iliyopokea lenzi zote za Minolta za mfumo ule wa mwaka 1985.

Kuna jambo hapa ambalo si rahisi kuliona. Kamera za mfumo huo zilikuwa zimeuzwa kwa majina tofauti katika nchi tofauti. Marekani ziliitwa Maxxum, Ulaya Dynax, na Japani ziliitwa kwa herufi ya Kiyunani α. Sony ilichagua hiyo ya mwisho. Kwa hiyo mteja wa Osaka alipoteza jina la kampuni lakini alama aliyoizoea kwa miaka ishirini ilibaki mbele ya macho yake. Mteja wa Chicago au wa Berlin alipoteza yote mawili kwa siku moja. Tukio lilikuwa moja na kifaa kilikuwa kimoja, ila kiasi cha upotevu kilitegemea lugha ya soko ambalo mtu alinunulia. Wanaodai kwamba huzuni ya wateja ni ya kiuchumi tu wana kazi ya kulieleza hilo.

Haimaanishi kwamba uchumi hauna nafasi. Lenzi nzuri hudumu miongo kadhaa huku mwili wa kamera ukibadilishwa kila baada ya miaka michache, na kwa hiyo anayenunua lenzi ananunua pia ahadi ya kwamba kesho patakuwa na mwili wa kuipokea. Kwa watu wa Minolta ahadi hiyo ilitimizwa kwa muda, kisha Sony ikaelekeza nguvu zake kwenye mfumo mwingine, na kufikia mwaka 2021 kamera za mfumo ule wa zamani hazikuuzwa tena. Wateja wa Olympus walikuwa na afueni zaidi, kwani mfumo wao ulitangazwa kwa ushirikiano na Panasonic mwaka 2008, na lenzi zao zinaingia kwenye kamera za kampuni hiyo. Hata kama OM Digital Solutions ingefilisika siku ya pili, lenzi zisingegeuka mawe. Walisikitika vivyo hivyo.

Mfano wa nyumbani

Msomaji wa Kenya hahitaji kwenda Japani kulielewa hili. Kampuni ya simu ya Kencell, iliyoanza kazi mwaka 2000, iligeuka Celtel mwaka 2004, ikawa Zain mwaka 2008, na Airtel mwaka 2010. Majina manne katika miaka kumi. Watu walitania, wakakosea majina, wengine wakaendelea kusema Celtel muda mrefu baada ya mabango kupakwa rangi nyingine. Kilio kama kile cha wenye kamera hakikusikika, na sababu haiko mbali. Kile ambacho mteja wa simu alikuwa amekijaza maana kwa miaka hiyo ni nambari yake, ile inayoanza kwa 0733, ambayo jamaa na wateja wake waliijua. Nambari haikuguswa. Jina la kampuni halikupata muda wa kujazwa, kwani kila lilipoanza kupata ladha lilimwagwa.

Lugha ya Kiswahili ya Kenya yenyewe inaonyesha hatua ya mwisho ya kujazwa huko. Mtu hutumwa dukani kuleta Omo akarudi na sabuni ya unga ya kampuni nyingine na asikemewe, au akanunua Colgate isiyokuwa Colgate. Hapo jina la pekee limekuwa nomino ya jumla. Majina ya kamera hayakufika huko katika Kiswahili, na labda ni kwa sababu kwa miaka mingi kamera ilikuwa kifaa cha mpiga picha wa studio na si cha kila nyumba. Ilipoingia kila nyumba iliingia ndani ya simu. Hilo ndilo lililoiua biashara ya Olympus pia: mwaka 2010 viwanda vya Japani vilisafirisha kamera za dijitali zaidi ya milioni 120 duniani, na mwaka 2020 hazikufika milioni 9.

Baada ya kilio

Haki itendeke kwa wote: wapo wateja waliovuka mpaka. Waliotabiri mwaka 2020 kwamba mnunuzi angevunja kiwanda na kuuza vipande walikosea. Kamera ya OM-1 Mark II ilitoka mwaka 2024 na OM-3, yenye umbo linalokumbusha zile za Maitani, ikafuata mwaka 2025. Woga wao haukuwa wa kipuuzi, kwani walikuwa wameona bidhaa nyingine zikififia baada ya kuuzwa, ila baadhi waliushikilia hata baada ya ushahidi kuukanusha. Vilevile wapo waliolalamikia kamera mpya kwa kasoro ambazo zilikuwepo tangu enzi ya jina la zamani, na ambazo walikuwa wakizisamehe. Jina lililojaa humfunika mwenye nalo. Jina tupu humwacha wazi, na OM SYSTEM iliingia sokoni ikiwa tupu kama Olympus ya mwaka 1936.

OM-1 ya mwaka 2022 ndiyo iliyokuwa kamera ya mwisho kuandikwa Olympus juu ya paji, huku maneno OM SYSTEM yakiwa kwenye mwili huo huo, kwa herufi ndogo zaidi. Wenye kampuni walipewa ruhusa ya kulitumia jina la zamani mara hiyo moja zaidi. Anayeishika anashika majina mawili kwa pamoja, na akifungua mdomo wake anaweza kutia lenzi ya Zuiko iliyonunuliwa miaka kumi iliyotangulia, ambayo imeandikwa Olympus pembeni yake na itaendelea kuandikwa hivyo kwa muda wote itakaofanya kazi.